Kilo za Mezani Hazirushi Ndege

Ukimwuliza mrushaji wa ndege za nyaya aliyehamia juzi kwenye umeme, propela yake aliichaguaje, aghalabu atakujibu kwa kilo. Atakutajia mota, atakutajia betri, kisha atakwambia kwa fahari kwamba ndege yake ikifungwa mkia kwenye mizani ya mizigo na mota ikafunguliwa mpaka mwisho, inavuta kilo mbili na nusu, ilhali yenyewe haifiki kilo mbili. Kwake hoja imekwisha. Inayovuta kuliko uzito wake itaruka, na inayovuta kuliko ya jirani itaruka vizuri zaidi. Rai hii imeshika mizizi kwa sababu ni rahisi, ina namba, na kila mtu anaweza kuipima sebuleni kwake. Mimi nasema inapotosha, tena inapotosha pale ambapo mgeni wa mchezo huu hana namna ya kugundua.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ndege ya nyaya ni ndege ya mfano isiyotumia redio. Rubani husimama katikati ya uwanja na mshikio mkononi, na kutoka kwenye mshikio huo nyaya mbili nyembamba za chuma huenda hadi bawa la kushoto la ndege. Akiupinda mkono, pua hupanda au hushuka, na ndege humzunguka muda wote. Katika fani ya sarakasi, ambayo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, huiita F2B, nyaya huruhusiwa kuwa na urefu wa mita 15 hadi 21.5, na rubani hupewa dakika 7 kuchora angani vitanzi, miraba, pembetatu na nane mbele ya waamuzi. Kwa miongo mingi kazi hii ilifanywa na injini ndogo za methanoli. Leo mota za umeme zimejaa viwanjani, na pamoja nazo yamekuja mazoea ya kuchagua propela ambayo hayakutoka kwenye ndege za nyaya kabisa.

Tuanze na mwendo, maana ndiko mizani ya mizigo isikofika. Ndege ya sarakasi yenye nyaya za kawaida huzunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 21 hivi, na warushaji wengi hupenda mzunguko mmoja uchukue sekunde 5.3 au karibu na hapo. Mzingo wa duara hilo ni mita 132. Gawanya, utapata mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Huo ndio upepo ambao propela inakutana nao kuanzia sekunde chache baada ya kuruka hadi kutua. Hakuna hata dakika moja ya sarakasi ambayo ndege imesimama. Basi kwa nini tuihukumu propela kwa kazi ambayo haitaifanya kamwe?

Mfano mmoja unatosha kuonyesha upotofu wenyewe. Kampuni ya Marekani ya APC hutengeneza propela zenye alama ya SF, mapanga mapana na laini kwa ajili ya ndege za polepole. Chukua ile ya inchi 11 kwa 4.7. Namba ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ubao na propela ikawa skrubu. Ifunge mezani, uone: inavuta kama fahali, na umeme inaotumia ni kidogo. Katika shindano la kilo kwa kila wati, propela nyembamba za ndege za haraka haziifikii. Lakini APC yenyewe imeweka kikomo kwa aina hiyo: 65,000 igawanywe kwa kipenyo cha inchi. Kwa inchi 11 unapata mizunguko 5,900 kwa dakika. Ukizidisha kwa pichi ya inchi 4.7, mwendo unaopatikana ni mita 11.7 kwa sekunde. Ndege yetu inataka 25. Bingwa wa mezani angeshindwa hata kuzikaza nyaya, na ukilazimisha mizunguko maradufu ili afike, mapanga yatang'oka kwenye kitovu.

Wapo watakaosema nimechukua mfano wa mbali kupita kiasi. Sawa, tuje karibu. Weka propela mbili za aina moja, 12 kwa 4 na 12 kwa 6, zote kwenye mizunguko 9,500. Mezani, ile ya pichi 4 itakupa kilo nyingi zaidi kwa kila wati, na mwenye mizani ataichagua bila kusita. Angani mambo yanageuka. Panga lina mgongo uliopinda, kwa hiyo huendelea kuvuta hata linapopita mwendo wa pichi yake. Ukizingatia mgongo huo, ile ya pichi 4 huacha kuvuta kabisa karibu na mita 23 kwa sekunde. Kwenye 25 ni breki. Ile ya pichi 6, ambayo mezani ilionekana mlafi, hapo ndipo inafanya kazi yake kwa raha. Mizani haikukosea kidogo. Iliweka wa mwisho mbele na wa mbele mwisho.

Na hizo kilo mbili na nusu, zinahitajika kweli? Betri ya seli 5 yenye uwezo wa milliampea-saa 2,700 ina wati-saa 50 hivi. Ukiacha moja ya tano ndani, kama inavyopasa ili betri za lithiamu zisife mapema, unabaki na 40. Zitumie kwa dakika 6, wastani ni wati 400. Mota na kidhibiti chake hula sehemu, propela nayo hula sehemu, na kinachofika hewani kama kazi ya kuvuta ni wati 220 na ushei. Kwa mita 25 kwa sekunde, hiyo ni nguvu ya newtoni 9, takriban uzito wa gramu 900. Ndege ya kilo 1.8 inavutwa na nusu ya uzito wake, na inaruka vizuri tu. Kilo mbili na nusu za sebuleni zilikuwa za kujisifia.

Swali ambalo propela inapaswa kujibu ni jingine, na hujibiwa juu ya kichwa cha rubani. Ndege hiyo ya kilo 1.8, ikiwa chini kwa mwendo wake kamili, inavuta nyaya kwa nguvu ya kilo 5.5 hivi. Ikifika juu kabisa, uzito wake unarudi kinyume na nyaya, na ukazo unashuka hadi kilo 3.7, hapo ni kama mwendo haukupungua. Ukipungua mpaka mita 20 kwa sekunde, kinachobaki ni kilo 1.7. Moja ya tano ya mwendo imepotea, na zaidi ya nusu ya ukazo imekwenda nayo. Umbo linaloitwa saa ya mchanga lina kona mbili kali huko huko juu. Rubani anasukuma mshikio, nyaya zinalegea kiganjani, na kwa kitambo kifupi mkono hauna habari na ndege. Aliyewahi kuhisi hivyo hatasahau. Basi propela njema ni ile ambayo ndege ikipoteza mita mbili au tatu za mwendo, inaongeza mvuto papo hapo, na ndege ikiteremka kwa kasi inaupunguza. Hiyo ni tabia ya propela ndani ya upepo. Mezani hakuna upepo.

Kosa hili la mizani lina ndugu yake, na huyo ndiye anayekula fedha za watu: kununua mota kwanza. Mtu anasoma jedwali la muuzaji, anaona mota fulani na propela fulani vimeambatanishwa, analipa, kisha anaanza kuhangaika mizunguko ikikataa kutulia. Jedwali hilo hupimwa mezani, mota ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, kwa ndege ya redio ambayo rubani wake ana wenzo wa kupunguza na kuongeza. Ndege ya nyaya haina mtu huyo. Kidhibiti chake huwekwa katika hali ya spidi gavana, jina lilelile la kifaa cha matatu na mabasi, ila hiki hakizuii tu kuzidi, kinazuia pia kupungua. Ili gavana afanye kazi, lazima mota iwe na akiba hadi sekunde za mwisho, betri ikiwa imechoka.

Kwa hiyo hesabu huanzia upande wa pili. Sekunde za mzunguko zinakupa mwendo. Mwendo na pichi vinakupa mizunguko: mita 25 kwa sekunde kwa pichi ya inchi 6 ni kama 9,800 kwa hesabu tupu, na kwa sababu ya ule mgongo wa panga, uwanjani huangukia kati ya 9,000 na 10,000. Betri ya seli 5 mwisho wa safari, ikiwa na mzigo, inabaki na volti 17.5 hivi. Mota iliyobebeshwa mzigo huzunguka kama asilimia 80 ya ile namba yake ya Kv, yaani mizunguko kwa kila volti ikiwa tupu. Gawanya tena na utaona kwamba Kv ya 700 ndiyo sakafu, chini yake gavana atakosa pumzi dakika ya tano, pale waamuzi wanapotazama maumbo magumu. Ukiwa na seli 4, sakafu hiyo inapanda hadi 875. Mota ndiyo inayotafutwa mwishoni kabisa. Anayeanza nayo anavaa kiatu kabla ya kujua mguu.

Sasa kuna kundi la pili la wapinzani wangu, na hao nawaheshimu zaidi kwa kuwa wana mvi za uwanjani. Wao hawasemi habari za mizani. Wanasema: pichi ndogo, mizunguko mingi, basi. Ndivyo mabingwa walivyofanya. Hoja yao ina historia, na historia hiyo inafaa kusomwa yote badala ya nusu.

Injini ya Fox 35, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1940, ilitawala sarakasi kwa miaka mingi, na ndege kama Nobler ya George Aldrich zilijengwa kwa namna yake. Mwenzake wa kawaida alikuwa propela ya 10 kwa 6. Injini hiyo ilirekebishwa ipate mafuta mengi kuliko inavyohitaji, hivyo ndege ikienda sawia moto uliwaka mzunguko mmoja na kuruka unaofuata, na pua ikipanda mchanganyiko ulikonda, moto ukawaka kila mzunguko. Masikio ya wazee bado yanaijua sauti hiyo. Propela ilichaguliwa ili mgeuko huo utokee mahali pake: nzito mno, injini inabanwa, nyepesi mno, inapiga kelele bila mpango. Baadaye, miaka ya 1980, zikaja bomba za moshi zilizopimwa urefu ili zishike mizunguko ya injini mahali pamoja, na hapo ndipo pichi za inchi 4 hivi zilipopata sifa. Bomba lilishikilia mizunguko, pichi ndogo ikashikilia mwendo, na ndege haikujiongezea kasi hovyo kwenye nane za upepo mkali. Mafanikio yao yalikuwa ya kweli.

Lakini yalikuwa mafanikio ya injini yenye bomba. Mota ya umeme haina mchanganyiko wa kukonda wala bomba la kupimwa. Mizunguko yake inashikwa na programu ndani ya kidhibiti, na vipo vidhibiti vyenye kihisi cha mchapuko vinavyotambua ndege inapopanda na kuongeza mizunguko vyenyewe. Kazi iliyokuwa ikifanywa na pichi ndogo peke yake sasa ina mfanyakazi mwingine. Kuendelea kumlipa yule wa kwanza mshahara wote ni ubadhirifu.

Na mshahara wenyewe si mdogo. Nakiri kwamba kwa propela ya kipenyo kilekile, kadiri mizunguko inavyozidi ndivyo mvuto unavyoongezeka haraka mwendo ukipungua, wazee hawakuota. Ila nguvu inayoliwa na msuguano wa mapanga na hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Ongeza mizunguko kwa asilimia 20, gharama ya msuguano peke yake inapanda kwa asilimia 73. Umeme huo unatoka wapi? Kwenye betri kubwa zaidi, na betri kubwa ni gramu za ziada zinazobebwa katika kila kona. Mtu anapunguza pichi ili ndege igeuke kwa uhakika, kisha anaifanya nzito isigeuke. Kipenyo kina nguvu kuliko mizunguko katika jambo hili, maana ule ushupavu wa mwendo, yaani mvuto kuongezeka mwendo ukipungua, huenda na kipeo cha tatu cha kipenyo. Aliye na nafasi chini ya pua, aongeze inchi moja ya kipenyo kabla hajapunguza inchi moja ya pichi. Si ajabu kwamba propela mbili zilizozoeleka sana kwenye ndege za umeme za sarakasi, 12 kwa 6 na 11 kwa 5.5, zote pichi yake ni nusu kamili ya kipenyo. Hapo katikati ndipo mota inapopenda.

Kuna fasheni nyingine ambayo siwezi kuipita kimya: propela za kinyume, zile ambazo APC huzitia herufi P. Umeme umerahisisha jambo hili, kwani ukibadilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota, inageuka na kuzunguka upande wa pili. Wengi wanasema bila propela ya kinyume huna ndege ya sarakasi. Wana sababu nusu. Ndege ikiruka kawaida, mwitiko wa propela ya kinyume huliinamisha bawa la nje, na ndege inaegemea mbali na rubani, nyaya zinakaza. Ikilala chali, mwitiko uleule unaiegemeza kwa rubani. Hali kadhalika ile nguvu ya gurudumu linalozunguka: kwenye kona za kusukuma inageuza pua nje, jambo jema sana juu ya ile saa ya mchanga, ambako kona zote mbili ni za kusukuma, kwenye kona za kuvuta inageuza pua ndani. Mimi naichagua kwa ajili ya zile kona mbili, wala simwambii mtu kwamba ni sharti. Uzito wa mapanga una maana kubwa kuliko upande yanapozungukia: propela nyepesi ya nyuzi za kaboni hupunguza usumbufu huo kwenye kona zote, za ndani na za nje. Na aliyechukua ya kinyume atazame nati yake. Kwa uzi wa kawaida, propela ya kawaida huikaza nati inapozunguka. Ya kinyume huilegeza. Tia nati ya kujifunga, na usisimame usawa wa mapanga unapojaribu, kwani mota ya umeme ikikutana na kidole haizimiki kama injini. Kidhibiti kinaongeza umeme.

Najua neno la mwisho la wapinzani wangu: bingwa fulani anatumia propela fulani, na mimi nanunua hiyo hiyo, mengine ni maneno ya vitabuni. Kuiga si dhambi. Ila iga vyote: uzito wa ndege, eneo la bawa, urefu wa nyaya, seli za betri, mizunguko na sekunde zake. Anayeiga propela peke yake amechukua jibu la swali la mtu mwingine. Ndege yenye gramu 300 zaidi, au nyaya fupi kwa mita mbili, inataka hesabu yake.

Wala hakuna tena kisingizio cha kwamba takwimu hazipatikani. Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign kimepima propela nyingi za ndege ndogo ndani ya handaki la upepo na kutoa matokeo bure, na APC huchapisha mafaili ya propela zake yanayoonyesha mvuto kwa kila mwendo na kila mizunguko. Fungua safu ya mita 25 kwa sekunde, au maili 56 kwa saa maana Wamarekani huandika hivyo, kisha tazama na safu ya mita 20. Tofauti kati ya namba hizo mbili inakwambia mengi kuliko mizani yoyote ya mizigo.

Wauzaji wa mota nao nawaomba jambo moja: ongezeni kwenye majedwali yenu safu ya mvuto propela ikiwa ndani ya upepo. Na ninyi mnaofundisha wageni vilabuni, mkiwapokea kwa mara ya kwanza wapeni saa ya kupimia mzunguko na kikokotoo, wajue mwendo wa ndege yao na propela inayoufaa kabla hawajalipia mota yoyote.